Baba Mdogo wa Kwenye Daftari

Kila siku saa nane mchana, Mwanne alipotoka shule alipitia kwenye kibanda cha baba yake Kariakoo, jirani na Mtaa wa Msimbazi. Alivua viatu, akaanza kupanga vifungo na zipu kwa rangi zake. Zamani walifanya kazi hiyo pamoja. Sasa baba yake, Mzee Sadalla, aliketi tu kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, kwa sababu figo zake zote mbili zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba bila figo mpya hatafika mbali.

"Mtu wa kutoa figo nimempata," alisema Haruna siku moja. Haruna alikuwa dalali wa vyumba, na hakuna kitu alichoshindwa kukitafuta. "Tatizo, hospitali wanataka ndugu wa damu, na kamati yao itamhoji. Mwanne, si wewe unayeshika namba moja darasani? Mfundishe ukoo wenu."

Mwanne alimtazama baba yake. Mzee Sadalla aliinamisha kichwa.

Ndugu huyo wa kutengenezwa aliitwa Rajabu, kijana msukuma mkokoteni pale sokoni. Haruna alikuwa amemwahidi pikipiki. Mwanne akajifunga kibwebwe. Aliandika maswali kumi na mawili nyuma ya daftari lake la Sayansi, pamoja na majibu, na kila alasiri akamsomesha baba mdogo huyo mpya.

"Mama yako alizikwa wapi?"

"Kisutu."

"Kigamboni! Kaka Rajabu, ukikosea hapo Baba anakufa."

"Nisamehe, mwalimu," Rajabu alicheka. "Haya, la tisa."

"Ndugu zako wengine ni nani?"

"Dada yetu Maimuna, anakaa Kigamboni." Rajabu alikuna kichwa. "Sasa huyo shangazi yako ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Mbona hatoi yeye?"

"Hajui kama Baba anaumwa. Baba ndiye aliyemlea, anaona aibu kumwomba."

"Haya bwana. Mimi sina neno. Haruna kaniambia baada ya miezi sita inaota nyingine."

Mwanne alifungua kurasa za mbele za daftari lile lile, penye mchoro wa mwili wa binadamu, akamwonyesha figo mbili.

"Haioti, Kaka Rajabu. Ikitoka imetoka."

Rajabu alishika kiuno chake kwa mikono yote miwili. "Mungu wangu! Kumbe wenzangu mlikuwa mnajua?"

Mwanne alitamani kulia. Alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote, lakini kumpoka mtu kiungo kwa kumdanganya hakuweza. Alikwenda moja kwa moja kibandani.

"Baba, simfundishi tena. Haruna amemdanganya."

"Unataka nife, Mwanne?"

"Sitaki ufe, Baba. Ndiyo maana naenda kwa Shangazi."

Mzee Sadalla alijaribu kuinuka amzuie, miguu ikakataa. Mwanne alikuwa ameshakata kona kuelekea Magogoni, akapanda kivuko cha kwenda Kigamboni, bado amevaa sare za shule.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona peke yako, kuna nini?"

Mwanne alieleza yote bila kuficha, hata yale maswali. Bibi Maimuna alikaa chini palepale mlangoni.

"Kaka yangu anaumwa miezi yote hii, na mimi naambiwa na mtoto! Ngoja nikachukue mtandio wangu."

Hospitalini, Bi Candida, afisa ustawi wa jamii wa kamati ile, alimhoji Maimuna peke yake. Alirudia tena siku ya pili, ahakikishe hakuna aliyemlazimisha. Madaktari walimpima, wakamweleza hatari zote. Vipimo vikakubaliana. Rajabu naye alikuja kwa hiari yake, akaeleza habari za pikipiki, na Haruna akaitwa polisi kujibu.

Wiki mbili baada ya upasuaji, Mzee Sadalla na dada yake waliketi kwenye benchi moja wakisubiri kliniki. Rajabu alikuja kuwaona. Mzee alimshika mkono.

"Nisamehe, kijana wangu. Niliogopa kufa hadi nikasahau kwamba na wewe una mwili mmoja tu."

"Yamekwisha, Mzee," alisema Rajabu.

Bi Candida aliomba kuliona lile daftari. Alisoma maswali yote kumi na mawili, akatabasamu kidogo.

"Watu wanasema kamati yetu inawasumbua," alisema. "Lakini utaratibu huu umewekwa na Serikali ili mgonjwa asipone kwa kumwangamiza mwenzake asiyejua. Ukweli wako, Mwanne, umewaokoa wawili. Maswali umeyatunga vizuri, ila moja umelisahau, na sisi huanza na hilo."

"Lipi?"

"Je, unajua unachokitoa, na unakitoa kwa hiari yako?"

Mwanne alichukua kalamu. Alifuta yote kumi na mawili, akaandika hilo moja.