Jina Lenye Mwenyewe

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshajaa saluni, na msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja wake, mwalimu wa shule ya jirani. Mikono ikisuka, mdomo ulikuwa ukimbembeleza mtoto aliyelazwa chumba cha ndani. Akamwita kwa jina lake, kwa sauti ya kuimba, kama alivyozoea.

"Abee, mama," sauti ikajibu kutoka ndani.

Mwalimu akacheka. "Mwanao ana adabu huyo. Ana miaka mingapi?"

Vidole vya msusi vilikwama kwenye nywele. Mtoto aliyekuwa ndani alikuwa na siku sabini na mbili.

Alikwenda kuchungulia. Kichanga kilikuwa macho, kimetulia, kinatazama pembe ya dari. Hapakuwa na mtu mwingine. Akarudi, akasema ni redio ya majirani, mazungumzo yakaendelea.

Jina lenyewe silitaji hapa, na anayelijua ataniwia radhi. Ni jina la Kiarabu, adimu, na maana yake ni mwenye kuitika anapoitwa. Msusi alilipata kwenye simu akiwa na mimba ya miezi minane, na lililomfurahisha zaidi ya maana ni ule uchache wake: iliandikwa kwamba wenye jina hilo ni wa kuhesabika. Mtaani kwao ukiita binti kwa jina la kawaida wanageuka sita. Yeye alitaka akiita, ageuke mmoja.

Mama mkwe wake alikuwa ameomba mjukuu arithi jina lake. Hakuamrisha, aliomba, tena mara moja tu, akiwa anamkanda mkwewe miguu iliyovimba. Msusi akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Mama, jina lako linanuka kabati."

Wateja wawili waliokuwapo saluni wakaangua kicheko. Mama mkwe akamaliza kuukanda mguu wa pili, akafuta mikono, akaenda zake. Tangu siku hiyo walibaki kwenye salamu, na salamu zenyewe zilikuwa na miiba.

Mume wa msusi, fundi wa friji, mtu asiyependa ugomvi, alilipokea jina jinsi alivyopokea kila kitu cha mkewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika kwa rangi nyekundu ukutani, juu ya kioo cha saluni. Basi kila mteja akaketi chini ya jina, akauliza maana yake, akaambiwa, naye akalijaribu mdomoni mwake kama mtu anayejaribu kiatu. Kwa siku lilitajwa hata mara mia.

Baada ya asubuhi ile, sauti haikukoma. Wiki ya kwanza ilikuwa ya mtoto. Wiki ya pili ikawa ya msichana aliyevunja ungo. Wiki ya tatu ikawa ya mwanamke mzima, mwenye koo kavu, na ilikuwa imetoka chumbani, ikapita koridoni, ikafika nyuma ya pazia la sinki la kuoshea nywele. Ilikuja na harufu ya nywele mbichi zinazoungua. Saluni haikosi harufu hiyo, lakini hii ilikuja wakati mashine zote zimezimwa na ni baridi.

Na kadiri sauti ilivyokomaa, mtoto alinyamaza. Aliacha kulia, hata kwa njaa. Kliniki muuguzi alipiga makofi nyuma ya kisogo chake, mtoto akageuka. Akamwita kwa jina lililoandikwa kwenye kadi, mtoto akatulia tuli, kama anayesubiri mwingine ajibu.

"Masikio mazima," alisema muuguzi. "Ila uzito umeshuka. Ananyonya kweli?"

"Ananyonya," alisema msusi. "Sijui maziwa yanakwenda wapi."

Siku moja mchana fundi alirudi kuchukua vifaa vyake. Alipofika mlangoni akaita jina la bintiye kwa utani, kama baba yeyote.

"Abee, baba."

Haikutoka ndani. Ilitoka kwenye sikio lake la kushoto, na pumzi yake ilikuwa ya moto. Sanduku la vifaa likamponyoka, bisibisi zikatawanyika sakafuni.

"Umesikia?" akamnong'oneza mkewe.

"Nimesikia. Wiki ya tatu sasa."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba jina nililolipigania linaitikiwa na nisiyemjua?"

Fundi alisema watahama. Akatoka kutafuta nyumba, na huko kuachwa peke yake ndiko kulikomponza msusi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mtoto mapajani ametoka kunyonya, mbele ya kioo, jua la utosini limenyooka barabarani, watu wanapita nje wanabishana habari zao, na akajiambia kwamba mchana kweupe namna ile hakuna la kuogopa, kwamba ataita mara moja tu, polepole, ili ajue moja. Akainama, akalitamka jina kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri, na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumba kizima kana kwamba kuna kichwa kinateketea, na kwenye kioo akauona mdomo wa mwanawe, mdomo usio na jino hata moja, ukifunguka taratibu, na kutoka humo ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, haina haraka, imejaa chuki.

"Nimeitika. Mmeniita kutwa kucha. Mnataka nini?"

"Sitaki kitu," msusi akasema.

"Basi nataka mimi. Jina ni langu. Aliyelivaa nitamvua."

Alikimbia hivyo hivyo, kifua wazi, mtoto begani, hata viatu hakuvaa. Hakwenda kwa mumewe wala kwa ndugu zake. Miguu ilimpeleka kwa mama mkwe, akapiga magoti kizingitini. Mama mkwe alimtazama kwa macho yasiyo na huruma.

"Mtoto nipe," alisema. "Wewe tutaongea siku nyingine."

Akamwita mtabibu, mkunga mstaafu aliyejulikana kwa kusomea wagonjwa, mwanamke wa maneno machache na makali. Huyu aliposikia yote akakunja uso.

"Jina halina kosa. Wanawake wema wamelibeba. Lakini huko saluni kwenu kuna jirani msiyemwona, naye anaitwa vivyo hivyo, na nyinyi mmemwita mara mia kwa siku. Ukimwita jirani hivyo, akija utamlaumu?"

"Tufanye nini?" aliuliza fundi, aliyekuwa ameitwa huko.

"Futeni maandishi. Mtoto apewe jina jingine leo. Kesho saa sita mchana nitasoma, na yule jirani ataliita jina lake mara tatu, kuuliza nani humu analitumia. Asiitikie mtu. Asipopata wa kumjibu, ataondoka. Akipata, ataondoka naye."

Fundi aliyafuta maandishi ya ukutani kwa chokaa. Mtoto akanong'onezwa jina la bibi yake, na msusi ndiye aliyelitamka, akilia.

Kesho yake wakaketi wanne sakafuni saluni, mtoto katikati, mlango umefungwa. Mtabibu akasoma. Dakika chache harufu ikaingia, kisha joto, kisha chanuo na vibanio vikaanza kutetemeka kwenye meza kama meno ya mtu mwenye homa.

Jina likaitwa mara ya kwanza, kwa sauti ya msusi mwenyewe. Wakanyamaza.

Likaitwa mara ya pili, kwa sauti ya fundi, yenye utani ule ule. Msusi akaukamata mkono wa mumewe, wakanyamaza.

Mara ya tatu haikuwa sauti ya mmoja, zilikuwa za wateja wote waliopata kukaa kwenye kile kiti na kulijaribu mdomoni, makumi ya wanawake kwa pamoja, wengine wakicheka, wengine wakiuliza maana, zikipanda na kubana mpaka kioo kikapasuka kutoka juu hadi chini, na katikati ya makelele yale mtoto akainua kichwa, yeye ambaye shingo yake haijakaza, akaikusanya midomo kama mtu mzima anayetaka kujibu, na msusi akaona jibu linakuja na hakuwa na la kufanya, kwa sababu alikuwa ameshachelewa kuuziba mdomo ule.

"Abee," alisema mama mkwe.

Alikuwa ameshasimama. "Ni mimi," akasema kwa sauti ya ukali, ile ya kumfukuza mbwa mlangoni. "Jina ni langu mimi. Achana na mtoto."

"Mama, usi..." fundi alianza.

Kelele zikakatika. Harufu ikatoweka. Katika ule ukimya mtoto akalia, kilio cha njaa, kikubwa, cha kwanza baada ya wiki kadhaa. Msusi akamnyakua, akampa ziwa. Mama mkwe akakaa taratibu kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo kilichopasuka, wala hakugeuka mwanawe alipomwita mama.

Hakugeuka tena. Ukimwita mama, ukimwita bibi, ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, hageuki. Lipo jina moja ambalo angeligeukia, na hakuna anayethubutu kulitamka mbele yake.

Mtoto ana miaka minne sasa, mnene, mtundu, hasikii la mtu. Saluni ilifungwa, msusi anasuka kwa kuwafuata wateja majumbani. Kila Ijumaa humpelekea mama mkwe chakula, humkalisha uani, humfungua nywele zake nyeupe na kuzichana taratibu, na huku akichana humwomba radhi, neno kwa neno, kwa yote aliyomtendea. Yule mwenye nywele hukaa kimya, macho yameganda, akisikiliza mpaka mwisho. Anayezisikiliza radhi zile, msusi hajui ni nani.