Sauti Ndani ya Yai

Kila jioni akitoka shule, kazi ya kwanza ya Profesa ilikuwa kuchungulia mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye kioo mbele na balbu mbili ndani, na ilikaa katika chumba cha nyuma, pale Mama Mdogo alipoweka pumba na ndoo zake. Profesa alisoma kipimajoto, akaongeza maji kwenye kisahani ili hewa ya ndani isikauke, kisha akayageuza mayai moja moja kwa ncha za vidole. Mgongoni kwake alisimama mdogo wake, na maswali hayakumwisha.

"Dada, mbona unayageuza? Yanachoka kulala upande mmoja?"

"Yasipogeuzwa, kifaranga hugandamana na ganda."

"Na kuku mwenyewe je?"

"Kuku huyageuza kwa mdomo, mchana na usiku."

"Loo! Na hana hata saa!"

Huyo mdogo walimwita Chiriku, maana mdomo haukumkaa. Alikuwa darasa la pili, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunganisha herufi zikawa maneno. Alisoma kila kitu: mifuko ya sabuni, vibao vya maduka, hata maandishi ya chini ya sahani. Wasichana hao wawili waliishi kwa Mama Mdogo, kwa kuwa mama yao alifanya kazi mbali na alirudi wakati wa likizo tu.

Dada yake alikuwa darasa la sita. Jina la Profesa alilipata shuleni, kwa sababu ya ubao mdogo uliotundikwa nje ya ofisi ya walimu, wenye kichwa "Je, Wajua?" Kila Ijumaa yeye ndiye aliyeandika pale jambo moja la kushangaza. Pweza ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu. Siku moja ya sayari ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake. Papa walikuwa wakiogelea baharini kabla mti wa kwanza haujaota nchi kavu. Wenzake walisongamana, wakapiga miluzi, wakabishana hadi kengele. Kichwa kilianza kumvimba kidogo. Hakumwambia mtu kwamba mambo yote hayo yalitoka katika kitabu kimoja kilichochanika, kutoka kabati la maktaba. Wala hakumwambia mtu kwamba kitabu chenyewe kilikuwa kimekwisha.

Mayai yaliyokuwa ndani ya mashine safari hiyo yalikuwa ya jirani yao, mama mshonaji waliyemwita Fundi Cherehani. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umefagia kuku wake wote, akabaki na kikapu cha mayai tu.

"Hii ni mbegu ya kuku wa marehemu mama yangu," alimwambia Mama Mdogo alipoyaleta. "Hii ikipotea, mdogo wangu, basi tena."

Alhamisi, sauti nyembamba zikaanza kusikika kutoka ndani ya mayai. Fundi Cherehani alikuja mbio, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akabandika sikio kwenye mbao.

"Hebu wasikie mashoga zangu! Hata nje hawajatoka, wameshaanza umbea!"

Walicheka wote. Kisha Mama Mdogo akainua kidole. "Kuanzia sasa hakuna kufungua mashine. Mkono wa mtu usiingie humu, mmenisikia?"

Chiriku alifungua mdomo kuuliza kwa nini, lakini maziwa yalikuwa yanafurika jikoni na Mama Mdogo akatoka mbio.

Kesho yake Profesa aliandika ubaoni: "Kifaranga hulia akiwa bado ndani ya yai." Jambo hilo lilikuwa kweli, na alikuwa amelisikia kwa masikio yake mwenyewe. Lakini mvulana mmoja wa darasa lao, waliyemwita Kipara, alikunja midomo.

"Ndiyo hivyo tu? Profesa, leo betri zimekwisha?"

Kicheko kikalipuka. Masikio ya Profesa yaliwaka moto. Aliinua tena chaki, na kabla hajafikiri mkono ulikuwa umeshaandika: "Hulia kuomba msaada. Ukimbandulia ganda, hutoka akiwa na nguvu kuliko wenzake."

Vicheko vilikatika. "Kumbe!" akasema mtu nyuma. Hata Kipara alinyamaza. Mwalimu wa sayansi alipita na rundo la madaftari, akasimama, akasoma.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kitabuni, mwalimu."

"Haya, vizuri," mwalimu akasema, akaingia ofisini.

Jioni hiyo, shule ilipokuwa ikitawanyika, Chiriku alisimama mbele ya ubao. Alifuata maneno kwa kidole, silabi kwa silabi, mpaka nukta ya mwisho. Hakuna aliyemsaidia. Alirudi nyumbani akirukaruka: "Nimesoma ubao mzima! Mwenyewe!" Profesa alimpongeza, kisha akabadili mazungumzo.

Jumamosi Mama Mdogo alikwenda kununua chakula cha kuku. Profesa alikuwa uani akifua sare. Alikuwa amefika kwenye soksi alipogundua kwamba nyumba ilikuwa kimya mno. Alikwenda chumba cha nyuma huku mikono ikidondosha povu.

Kioo cha mashine kilikuwa wazi. Chiriku alikuwa amepiga magoti, kanga ya Mama Mdogo imetandikwa sakafuni, na juu yake vifaranga waliolowa walilala kwa safu. Wachache walitikisa shingo. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye maganda na kwenye vidole vya mtoto.

"Dada, njoo tuwasaidie," alisema, machozi yakimtiririka. "Nawabandua lakini hawasimami. Labda sijafanya haraka."

Mama Mdogo aliporudi muda mfupi baadaye hakupiga kelele. Alifunga mashine, akapiga magoti, akamgusa kifaranga mmoja, kisha mwingine. Wote waliobanduliwa walikuwa wamekufa.

"Nani alikwambia ufanye hivi?"

"Imeandikwa ubaoni shuleni. Wanaomba msaada. Niliisoma mwenyewe."

Mama Mdogo alimgeukia Profesa. "Imeandikwa hivyo?"

Sabuni ilikuwa imemkaukia mikononi. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha.

"Labda... labda alisoma vibaya," akasema.

Chiriku alimtazama. Kisha alitazama vidole vyake, kama vile ndivyo vilivyomdanganya.

Fundi Cherehani alipoitwa alisimama mlangoni, akauma mdomo. Chiriku alisukumwa mbele kuomba radhi. "Nilisoma vibaya, mama," akasema kwa sauti ambayo haikusikika vizuri. Fundi Cherehani alimpapasa kichwa, akaondoka.

Katika mayai machache ambayo Chiriku hakuyafikia, alitotoka kifaranga mmoja usiku huo. Wengine walikwama, kwa kuwa hewa ilikuwa imekauka wakati mashine ilipokuwa wazi, na utando wa ndani ukawabana kama gundi.

Tangu siku hiyo Chiriku hakusoma tena. Mfuko wa sabuni aliupita. Jumatatu, mwalimu wake alipompa kitabu asome mbele ya darasa, alikifunga akasema, "Mimi sijui kusoma." Habari hiyo ilimfikia Profesa wakati wa mapumziko, akiwa anakula mkate.

Hakumaliza kula. Alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Mwalimu, lile la yai nililitunga. Halimo kitabuni."

Mwalimu wa sayansi aliweka kalamu chini. Alisikiliza yote, mpaka ile kanga na damu. "Nami nilikuuliza wapi, lakini sikukuuliza kitabu gani," alisema polepole. "Kosa la kuandika ni lako. La kupita bila kuhakikisha ni langu. Nyumbani wanajua?"

"Bado, mwalimu."

"Basi anza na nyumbani."

Jioni, mbele ya Mama Mdogo na Fundi Cherehani, Profesa alisema yote. Alisema pia lile lililomuuma zaidi: "Chiriku hakusoma vibaya. Alisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyedanganya, kisha nikamsukumia yeye."

Fundi Cherehani alikuwa amempakata yule kifaranga mmoja. "Mmoja hawezi kunirudishia mbegu," alisema. "Nisikudanganye nikasema yamekwisha." Alimfunika kwa kiganja, akaenda zake.

Mama Mdogo alimvuta Profesa karibu. "Sikia, mwanangu. Kifaranga akilia ndani ya yai, bado anamalizia kunyonya kiini na damu iliyo kwenye utando. Ukimbandua mapema, unamchana mishipa. Ndiyo maana nilikataza, nami nilipaswa kuwaeleza sababu. Lakini wewe ulijua kwamba hujui, ukaandika kama anayejua. Usipojua, sema sijui. Neno hilo halijaua mtu. Na ukikosea, libebe kosa lako mwenyewe, usimtwishe anayekuamini."

Asubuhi Chiriku aligoma kwenda shule, ikabidi Mama Mdogo awasindikize. Mbele ya wenzake wote, na Kipara akiwa mstari wa mbele, Profesa alifuta ubao kwa kitambaa, akaandika upya: "Wiki iliyopita niliandika uongo. Usimbandue kifaranga. Ganda hulipasua mwenyewe." Hakuna aliyepiga mluzi.

"Tusomee," Mama Mdogo akamwambia Chiriku.

Chiriku alisita sana. Kisha kidole kikapanda, kikaanza kufuata herufi, polepole mno, mpaka nukta ya mwisho. Hakukosea hata silabi moja.

Profesa alisubiri mdogo wake amgeukie, kama zamani. Chiriku alipita mbele yake, akashika mkono wa Mama Mdogo.

"Mama Mdogo," akauliza, "hili ni kweli?"

"Ni kweli."

Hapo ndipo alipokubali kwenda darasani.