Wimbo Uliobaki Ndani ya Kinanda

Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, Marion alifungua stoo ya kanisa pale Sironga akakuta meza tupu. Kitambaa cha kufunikia kinanda kilikuwa kimekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni. Kufuli lilikuwa zima, na dirisha lilikuwa na vyuma vyake vyote. Waya wa umeme ulikuwa bado umechomekwa ukutani, ncha yake nyingine imelala sakafuni.

Wanakwaya walisimama nyuma yake mlangoni. Hakuna aliyeingia.

"Kimeondoka chenyewe," mmoja wao alisema, na hakuna aliyecheka.

Sajenti Abdimajid alifika kutoka Nyamira muda mfupi baadaye, wingu la mvua likimfuata mgongoni. Alikuwa mtu wa Garissa, na watu wa hapa walizungumza naye Kiswahili polepole, kama wanavyozungumza na mgeni wa heshima. Alilitazama kufuli, akautazama waya.

"Mwizi wa kuuza angebeba na waya," alisema. "Nani ana ufunguo?"

"Mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayepiga," Marion alijibu. "Na Mzee Nehemiah, mwenyekiti wa kwaya."

"Na mbona hawa wenzako wanaiogopa stoo?"

Marion alishusha pumzi. "Afande, hiyo kinanda ina mtu ndani."

Alimweleza. Kabla yake kinanda kilipigwa na Ombui, mtoto wa Mzee Nehemiah, kijana aliyefariki mwaka jana katika ajali ya barabara. Kile kinanda kina kumbukumbu: ukipiga wimbo, kinaushika, na ukibonyeza kitufe kinaupiga tena bila mkono wa mtu. Siku moja katika mazoezi Marion alibonyeza vibaya. Mikono yake ikiwa mapajani, wimbo ukaanza. Kila mtu alikijua kidole cha Ombui, vile alivyopenda kuchelewa kidogo nyuma ya ngoma. Waimbaji wa sauti ya kwanza wote walikimbilia nje.

"Ndiyo maana tukaanza kubishana," alisema. "Dukani kwa Prakash kule Kisii kuna kinanda kipya. Kina ngoma nyingi, kina mahali pa kutia disketi, na ukibonyeza kwa nguvu kinalia kwa nguvu, ukibonyeza polepole kinanong'ona. Chetu kina rumba moja tu, na kitufe kimoja cheusi kimekwama. Prakash alikubali kuchukua cha zamani, sisi tuongezee kidogo."

"Na wewe ulitaka nini?"

"Kipya. Wewe ungependa kufanya kazi katika ofisi ambayo marehemu hajatoka?"

"Na mwenyekiti?"

"Yeye ndiye aliyesukuma kuliko wote. Alisimama akasema hiyo ni plastiki, mtoto wangu hayumo. Aliyekataa ni mkewe, Mama Nyanchera. Aliomba kitu kimoja tu, asikie huo wimbo mpaka mwisho kabla hakijauzwa. Hajawahi kuusikia wote. Tukapatana tumpigie Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu kiende Kisii."

Abdimajid alikunja uso. Kumbe kilichoibwa hakikuwa kinanda tu. Mama mmoja alikuwa anangoja Jumapili.

Saa kumi na moja alikuwa jikoni kwa Nyanchera, miguu yake karibu na moto. Mzee hakuwepo, mama alisema amekwenda kuangalia majani chai. Mvua ilianza kupiga bati.

"Mama, huenda wewe ndiye uliyechukua ufunguo katika koti la mzee," Abdimajid alisema, akijaribu kuongea kwa adabu. "Uko na sababu kuliko wengine."

Nyanchera alimtazama. "Kitendawili, mwanangu."

"Tega."

"Mwana wangu yuko chini ya udongo, vidole vyake viko kazini."

"Nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Garissa."

"Garissa nitafanya nini na ile joto? Haya, nimeichukua. Jibu ni hicho kinanda. Ningekuwa nacho, afande, ungenikuta hapa nachambua mboga?"

Katikati ya kelele ya mvua ulitoka muziki. Rumba ya polepole, kidole kikichelewa kidogo nyuma ya ngoma. Mboga zilimponyoka Nyanchera mkononi.

"Ni yeye," alisema. "Nyamaza! Ni yeye."

Abdimajid alitoka mbio. Mvua ilimpiga usoni, ukungu ulikuwa umefunika mashamba, na sauti ilikuwa kila mahali: katika majani chai, nyuma ya ghala la mahindi, kule migombani. Alizunguka kama kuku aliyefungwa kamba. Mara wimbo ukaburuta, ukashuka kama mtu anayesinzia, ukakatika. Aliporudi jikoni, nguo zikichuruzika, mama alikuwa amesimama palepale.

"Umemwona?" aliuliza.

"Hapana, mama."

Lakini jambo moja alikuwa nalo sasa. Wimbo ulilia yeye akiwa amekaa na Nyanchera, kwa hiyo mama si mwizi. Tena ulilia karibu na boma hili, mahali ambapo hakuna nguzo ya umeme hata moja.

Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, alikuwa Kisii mjini katika duka la Prakash, katikati ya magitaa na redio. Prakash, mzee mwenye miwani kwenye paji la uso, alimwagizia chai kabla ya kumuuliza shida.

"Hapana, afande. Hakuna mtu ameleta hiyo kinanda. Mimi nanunua mali ya kanisa bila mzee wa kanisa? Watu wa hapa watanifungia duka!"

"Inaweza kulia bila umeme?"

"Inatumia mawe ya redio, betri zile kubwa. Iko mlango chini." Alipindua kinanda kingine na kumwonyesha. "Hizo mawe ndiyo zinashika kumbukumbu. Ukitoa waya, sawa, mawe inashika. Ukitoa waya na mawe pia, kwisha. Ukirudisha, unakuta tupu kama siku ya kwanza. Hata yule binti yenu nilimwambia hivyo."

"Binti yupi?"

"Marion. Alikuja wiki iliyopita. Aliniuliza, mzee, wimbo wa marehemu unafutwa namna gani?"

Abdimajid aliacha chai yake katikati.

Alimkuta Marion saa sita kasoro robo, katika chumba chake cha kupanga Nyamira mjini, taa ya umeme ikiwaka juu ya cherehani. Hakuzunguka mbuyu.

"Uliuliza jinsi ya kuufuta wimbo."

Marion alisimamisha mguu kwenye cherehani. "Niliuliza. Nilikuwa naota ule wimbo, afande. Nilikuwa naogopa hata kushika ile kinanda."

"Basi ukakibeba."

"Nikibebe kiwe cha nini? Mzee Prakash alinifundisha. Ningetaka kuufuta, ningefungua ule mlango chini, nitoe mawe, nitoe waya, nikae kidogo, nirudishe. Palepale stoo. Jumapili mama angekaa kiti cha mbele, nibonyeze, kimya, na hakuna mtu angejua." Macho yake yalilowa. "Nilikuwa na ufunguo wiki nzima. Nikamkumbuka yule mama, nikashindwa."

Abdimajid alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa. Maneno ya msichana yalikuwa sawa. Tena yeye ana umeme, angeubeba waya. Aliyekichukua alijua kwamba kitalia kwa mawe, hakuhitaji waya, na alitaka wimbo uendelee kulia.

"Mawe yakilegea, wimbo unakuwaje?" aliuliza.

"Unaburuta. Halafu unakatika."

"Jana ulikatika. Na mtu wa huku mawe yake yakilegea, hufanya nini?"

"Anayatoa..." Marion alisema, kisha akasimama ghafla, kiti kikaanguka.

Walifika kwa Mzee Nehemiah saa saba mchana. Jua lilikuwa kali, kama linavyokuwa kabla ya mvua ya huko. Mzee alikuwa amekaa kivulini, fimbo magotini, redio yake ndogo juu ya kigoda ikisoma habari. Nyanchera alikuwa anaanua mahindi.

"Karibu, afande. Umepata mwizi?"

Abdimajid alikuwa anatazama juu ya bati la ghala. Pale, yamepangwa juani kama vifaranga wanaoota joto, kulikuwa na mawe makubwa ya redio.

"Hayo ni ya nani, mzee?"

"Ni yangu. Yamelegea, nimeyaanika yapate nguvu. Si kila mtu anafanya hivyo?"

"Kila mtu anafanya. Lakini redio yako inaongea."

Nehemiah alinyoosha mkono polepole, akaizima redio. Boma likawa kimya. Nyanchera aliweka chini ungo wake.

"Tata," Marion alisema kwa sauti ndogo, akimwita baba kwa Kikisii, "umeyatoa saa ngapi?"

"Asubuhi. Yakipata jua mpaka jioni, wimbo utanyooka. Jana ulikuwa unaburuta, kama amechoka."

Marion alijifunika uso.

Abdimajid aliingia ghalani mwenyewe. Chini ya magunia, kimefungwa katika blanketi safi, alikuta kinanda. Alikitoa, akakiweka juu ya kigoda. Marion alirudisha mawe moja moja, akabonyeza kitufe cha wimbo.

Kimya.

Alibonyeza tena. Nyanchera alikuwa amekaribia, ameinamisha sikio. Marion akajaribu kitufe cha pembeni, na ukaruka wimbo wa kiwandani, wa Kizungu, wenye furaha nyingi, usiomjua mtu yeyote katika boma lile. Aliuzima haraka.

"Umekwenda," alisema. "Mawe yakitoka, unakwenda."

Mzee aliyatazama mawe, kisha mikono yake. "Mimi niliyaanika tu," alisema. "Niliyaanika tu yapate nguvu."

"Kwa nini, mzee?" Abdimajid aliuliza. "Wewe ndiye uliyetaka kiuzwe."

"Ningesema nini? Mimi ni mwenyekiti. Watoto wa watu wanataka chombo kipya, na wana haki. Hicho ni kibovu. Ningekizuia, wangesema mzee ananyima kanisa kwa ajili ya maiti wake. Nikasema kiuzwe, nikasema kwa sauti kubwa. Halafu nikienda kufunga stoo, nakibonyeza. Siku moja, halafu kila siku. Alhamisi nikaona Jumatatu inakuja, nikakibeba."

"Ungerekodi kwa kaseti."

"Kaseti ni picha ya mtu, afande. Hapo ni yeye mwenyewe anabonyeza. Nimeiba mali ya kanisa. Andika."

"Na mimi?" Nyanchera alisema. Hakupaza sauti. "Mimi nikiwa jikoni nasikia mtoto analia kwenye mvua, na wewe uko hapo ghalani, umenyamaza?"

Mzee hakuweza kumtazama. "Singeweza kulia mbele yako, Mama Ombui."

Abdimajid hakutoa kalamu. Kinanda kilikuwa kimepatikana, na kama kuna mashtaka, kanisa ndilo lingeamua. Marion alianza kukifunga katika blanketi.

"Kipelekeni kwa Prakash," Nyanchera aliwaambia. "Leteni hicho kipya. Hiki sasa ni plastiki kweli." Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya mumewe, magoti karibu yagusane na yake. "Wewe umeusikia wote. Kila siku umeusikia. Imba."

"Mimi sijui kuimba. Unajua."

"Imba hivyo hivyo."

Mzee Nehemiah aliondoa kofia. Alianza chini sana, sauti ikikwaruza, bila maneno, kwa sababu wimbo haukuwa na maneno. Alikosea, akarudi mwanzo. Polepole ukapata mwendo wake, ule wa kuchelewa kidogo nyuma ya ngoma, na Marion akaacha kufunga blanketi. Machozi ya mzee yalishuka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Wimbo ulipanda, ukageuka, ukapanda tena mahali pazuri kabisa, na hapo akanyamaza.

"Endelea," Nyanchera alisema.

"Unaishia hapo. Sijui kwa nini. Aliuacha katikati."

Nyanchera aliusikiliza tena moyoni. Siku ile wimbo uliposhikwa, kinanda kilikuwa hapa nyumbani, Ombui akifanya mazoezi chini ya dirisha.

"Hapo," alisema, "ndipo nilipomwita aje ale."