Uso wa Mama Chomba

Stéphanie alikuwa akianika chisense mchangani, mtoto wake Chomba akiwa mgongoni. Dagaa hao wakikosa jua huoza upesi, kwa hiyo mikono yake ilienda haraka. Chomba hakulia. Hakucheka pia. Alikuwa na miezi minane, na siku hizi hakuwa na sauti kabisa.

Mama mkwe wake, Agness, alitoka nyumbani na kifurushi cha nguo za mtoto.

"Mama Chomba, leta mutoto. Boti ya Mununga inaondoka sasa hivi. Dada ya bwana yako Patson atamulea kule."

Stéphanie aliganda. "Mama, mutoto ni wangu."

"Ni wako, lakini muangalie! Anaangaliaka mapaa tu, mutu hapana. Kuna kitu ulileta toka Kongo."

Maneno hayo yalimchoma. Miezi minne nyuma, kaka yake Ilunga alizama akivuka ziwa kutoka Kongo kuja kumwona mpwa wake. Mwili haukupatikana. Tangu hapo Stéphanie alipika, alifua na kunyonyesha kama mtu aliyelala macho wazi.

Alimfungua mtoto mgongoni, akampa titi ili apate muda. Lakini macho yake mwenyewe yaliangalia maji ya ziwa.

Olipa, jirani yao, muuguzi wa kiliniki, alikuwa amekuja kununua samaki. Alimwona Chomba akiinua macho kwenye uso wa mama, akingoja, kisha akigeuza kichwa.

"Mumeona?" Olipa aliuliza. "Alikutafuta, Mama Chomba."

"Namunyonyesha kila siku!"

"Ndiyo, tumbo imeshiba. Lakini mutoto mudogo hajijue bado. Anajionaka mu sura ya mama yake. Akicheka na ile sura icheke, anajua: niko, wananipenda. Akiita na sura ibakie ya kufungwa, anaita tena, kiisha anaacha. Vile anajifunza sasa, njo vile atawaza watu wote wako akikomaa."

"Basi ni kosa yangu."

"Hapana. Uko mugonjwa wa huzuni. Ugonjwa ule unaponaka. Kuja kiliniki."

"Njo maana namubeba mutoto," Agness alisema, akanyoosha mikono.

"Ukimupeleka Mununga, mama," Olipa alimwambia, "atapoteza ile sura anajua. Beba kazi, mutoto umuachie mama yake. Na wewe, ulishamuuliza Mama Chomba juu ya ndugu yake Ilunga?"

Agness alishusha mikono. Nahodha aliita abiria. Stéphanie alimkaza mtoto kifuani mpaka Chomba akanung'unika. Agness alisogea karibu, akasimama, kisha akakaa mchangani.

"Ilunga alikuwa mutu wa namna gani?" aliuliza polepole.

Stéphanie alifungua kinywa, machozi yakatangulia. Alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Boti iliondoka bila wao.

Haikuwa rahisi. Agness alichukua kazi ya kuanika samaki, akilalamika kila asubuhi. Patson, mume wake Stéphanie, alijifunza kumwogesha mtoto. Stéphanie alienda kiliniki kila wiki kuzungumza na Olipa. Nyumbani, Chomba akitoa sauti yoyote, mama alimgeukia na kumjibu. Mara nyingi mtoto aliangalia pembeni. Mama alingoja, akamjibu tena.

Mvua za kwanza zilipofika, Chomba aliketi kwenye mkeka, akamwangalia mama yake moja kwa moja.

"Ba!"

"Ba!" Stéphanie alijibu.

Mtoto alicheka mpaka akaanguka chali. Akageuka, akatambaa kumfuata mama, akipiga kelele njia nzima.

"Huyu sasa hatatuacha tulale," Agness alisema mlangoni, mikono ikinuka samaki. Kisha aliingia, akaketi nao mkekani.