Lango Lililouliza Anakolala Mama

Lango-Shahidi halikuwa na bawaba wala kufuli. Lilikuwa upinde wa mwanga wa buluu, mwembamba kama uzi, uliosimama hewani mbele ya Shule ya Msingi Itunda, chini ya mlima Loleza. Mtoto aliposimama chini yake, upinde ulisikiliza mapigo ya moyo na mtetemo wa sauti yake, ukajua kama asemalo ni kweli. Walioliona kwa mara ya kwanza walivua kofia kama waingiao kanisani.

Asubuhi ile ya uandikishaji alitangulia mvulana mmoja mnene.

"Mama yako analala wapi?" lango liliuliza kwa upole.

"Tunakaa kwa bibi, hapa hapa juu, nyumba ya bati jekundu," mvulana akasema bila kupumua.

"Moyo wako umekwenda mbio. Sema tena."

Mvulana akageuka. "Mama, limekataa! Nirudie kama tulivyofanya mazoezi?"

Wazazi wote waliopanga foleni wakaangua kicheko. Mama yake akajifunika uso kwa kanga. "Mtoto huyu ataniua mimi," akasema, akamshika mkono wakaondoka.

Mhandisi Subilaga Mwaisumo, aliyelibuni lango lile, hakucheka. Kila alipolitazama likifanya kazi alihisi kicho, kama kwamba Mungu alikuwa amemwazima kitu kwa muda tu. Swali lile alilitunga mwenyewe. Sheria ya mji ilisema mtoto ni wa shule ya eneo anakoishi mama yake, kwa kuwa akina baba wengi walifanya kazi mbali, wengine hata kwenye migodi ya mwezini. Naye alijua kwamba ukimuuliza mtoto mdogo anakoishi mtu, atakutajia mahali pengi. Lakini ukimuuliza anakolala, atakutajia mahali pamoja tu.

"Dada."

Alikuwa mdogo wake wa kiume, Ambakisye, amemshika mkono binti yake Tusekile. Subilaga akashtuka.

"Ambakisye, ninyi ni wa bondeni. Shule yenu iko kule."

"Kule kuna walimu-chuma watupu, Dada. Hapa ndipo palipobaki walimu watu." Akapunguza sauti. "Tangu tumzike mama yake, mtoto huyu hajaongea na mashine yoyote. Walimu-chuma wanamuuliza, ananyamaza. Wamemwandika hana akili. Mwaka huu wakimwandika tena hivyo, watamhamishia kituo cha wasiofundishika. Huko hawatoki."

"Siwezi kuliamuru lango liseme uongo."

"Sijakuomba uongo. Nimekuomba usimame karibu. Ana hofu."

Subilaga akaomba kimoyomoyo, asijue hasa anaomba nini. Tusekile akasogea chini ya upinde. Mwanga ukamgusa utosini.

"Mama yako analala wapi?"

Ambakisye akafumba macho. Nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kumtaja marehemu mbele ya mtoto. Hata picha yake waliigeuza ukutani. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Tusekile habari za mama yake hata mara moja.

Mtoto akainua mkono, akaonyesha nyuma ya shule, kwenye mteremko wenye misalaba myeupe na nyasi ndefu.

"Pale," akasema. Sauti ilikuwa kavu, lakini ilisikika hadi mwisho wa foleni. "Mama analala pale."

"Moyo wako umetulia," lango likasema. "Pale ni ndani ya eneo. Karibu shuleni, Tusekile."

Mwanga ukafunguka kama pazia. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akapiga ishara ya msalaba.

Mwalimu mkuu, Bi Sekela, akamsogelea mhandisi. "Lango limekosea?"

Subilaga ndiye pekee aliyekuwa na uwezo wa kulifunga. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe cha mkononi.

"Limeuliza, amejibu," akasema, akauondoa mkono. "Ndaga, asante, Mwalimu. Mpokee."

Bi Sekela akainama, akamshika mtoto mkono, wakaingia wakizungumza.

Ndipo Subilaga akamkumbuka msichana wa mwaka jana. Alikuwa na koti kubwa la mtu mwingine. Alisimama chini ya upinde akilia bila kujibu, lango likasema: "Hajajibu. Rudi kwenu." Na yule wa kabla yake. Na wengine ambao hakuwatazama usoni, kwa sababu alikuwa akilitazama lango.

Akaenda kulizima alibadilishe swali. Lakini kitufe cha mkononi kilifunga njia tu; swichi ya swali ilikuwa upande wa ndani, na kuifikia ilimpasa apite chini ya upinde. Mwanga ukamgusa utosini.

"Mama yako analala wapi?"

Alikuwa amelisikia swali lile kila siku. Leo aliulizwa yeye.

"Tukuyu," akasema taratibu. "Migombani, nyuma ya nyumba, chini ya msalaba."

"Moyo wako ni wa kweli," lango likasema kwa upole ule ule. "Huko ni nje ya eneo. Rudi kwenu."