Mwamvuli Uliompenda Kila Mtu

"We kaka! Macho yako umemwazima nani? Unanikanyagia dagaa!"

Crispin akaruka pembeni, simu mkononi. Asubuhi ile ufuko wa Kibirizi ulijaa wachuuzi na wapagazi, naye alikuwa kasimama katikati ya dagaa walioanikwa mchangani, anaandika. Aliyemfokea alikuwa binti mwenye gauni la kitenge cha njano, kashika mwamvuli uliochanika. Hata hasira zake zilikuwa na vishimo mashavuni.

"Nisamehe, dada. Nilikuwa najenga."

"Unajenga kwa simu? Matofali yako wapi?"

Akamweleza. Kuna mchezo wa simu usio na picha hata moja, maneno matupu, watu wengi wanaucheza pamoja. Yeye ni mmoja wa wajenzi wake: anaandika ndoo, panga, mtumbwi, anaamua kila kitu kina uzito gani na kinafanya nini.

"Kwa hiyo wewe ni fundi wa vitu visivyokuwepo," akacheka binti. Jina lake Restituta. "Haya, nifundishe."

Basi, yakaanza. Simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, mama?"

"Nimekula, fundi hewa wangu."

Mpaka Restituta akakubali wazee wa Crispin waende kwao Rusimbi Jumapili, kuposa. Kwa furaha Crispin akaingia mchezoni, akauhariri mwamvuli mwekundu ambao Restituta, naye sasa mchezaji, alikuwa nao humo: ukiufungua, unanong'ona, "Mpenzi, ni wewe peke yako." Restituta alipouona alikibusu kioo cha simu, mjinga wa mapenzi.

Ijumaa akapiga simu.

"Crispin, Diana ni nani?"

"Diana yupi?"

"Wa kwenye mchezo! Kafungua mwamvuli wake mbele yangu, nao umemnong'oneza: mpenzi, ni wewe peke yako. Peke yangu na nani, Crispin?"

"Resti, mpenzi, nisikilize..."

"Mpenzi mwite huyo Diana. Na wazee wako wasije!"

Akakata. Akazima kabisa.

Machozi yakamlenga Crispin. Huyo Diana hamjui kwa sura wala kwa sauti. Mara akapiga Bonifasi, rafiki yake mwendesha bodaboda, mtu wa ndevu zake.

"Kaka, samahani. Mwamvuli wangu wa kwenye mchezo unaniita mpenzi. Kuna jambo ulitaka kuniambia?"

Lo! Hapo ndipo alipogundua. Hakuuhariri mwamvuli wa Restituta; alihariri kiolezo, ule mwamvuli mama unaozaa mingine yote. Mchezo mzima, kila mwenye mwamvuli alikuwa anapendwa peke yake.

Hakupiga simu tena. Akapanda bodaboda ya Bonifasi hadi Kibirizi. Mbele ya wachuuzi, Bonifasi akaufungua mwamvuli wake kwenye simu, akasoma kwa sauti nzito: "Mpenzi, ni wewe peke yako." Crispin akaeleza kosa lake. Restituta akanuna, akajikaza, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Fundi gani wewe? Umeniliza bure!"

Kisha akamkabidhi mwamvuli wake uliochanika. "Shika. Huu wa kweli hauongei. Sema mwenyewe."

Wachuuzi wakasogea kusikiliza. Crispin akaufungua, akamfunika nao.

"Restituta, mpenzi, ni wewe peke yako. Nataka kukuoa."

Vigelegele! Bonifasi akapiga honi.

"Jumapili wazee waje," akasema Restituta, akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Sasa rudi nyuma taratibu. Umesimama tena juu ya dagaa wangu."