Koti la Buluu na Lebo Nyeupe

Jua lilikuwa linazama nilipoliburuta begi langu hadi nje ya mlango wa chumba chetu melini. Ilikuwa jioni ya mwisho ya safari ya siku saba, na jioni ya mwisho kila abiria hufanya hivyo: unafunga begi, unalivisha lebo yenye namba, unaliacha ujiani. Wanalichukua. Asubuhi unalikuta kwenye ukumbi wa bandari, limepangwa na wenzake wenye lebo za rangi moja.

Lebo yangu ilikuwa ya zambarau, namba kumi na nne.

Begi la mdogo wangu Nadine lilikuwa tayari nje. Lebo yake ilikuwa nyeupe. Haikuwa na namba... na ilikuwa imeloa.

"Nadine! Hii lebo umeitoa wapi?"

"Nimeikuta inaning'inia mlangoni," akajibu kutoka bafuni, maji yakimwagika. "Kwani ina nini? Dada, wewe unatafuta ugomvi hata na karatasi."

Kweli nilikuwa natafuta ugomvi. Tangu tunafunga mizigo nyumbani Ocala tulikuwa tumenuniana, kisa koti langu la buluu. Jipya, la kitani, nilikuwa sijalivaa hata mara moja, nikamkuta kalikunja kalitia kwenye begi lake. Nadine ana miaka sitini na tisa, na tangu ana miaka sita anavaa nguo zangu bila kuomba. "Nimeazima tu," ndio wimbo wake. Nililichomoa palepale, na safari nzima nimelivaa mimi, hata kwenye jua kali, ili mradi aone.

Nikarudi ndani kutafuta miwani. Ndipo nikasikia mtu mlangoni.

Hakugonga. Alikwaruza.

Halafu ikaja harufu... mwani uliooza, na vile vidonge vya kufukuzia nondo kabatini. Nikachungulia. Alikuwa mwanamume mrefu, koti jeupe lenye vifungo hadi kooni, mtindo ambao wahudumu wa meli waliacha kuuvaa kabla sijaolewa. Viatu vyake vilitoa maji kila alipohamisha mguu. Mkononi alishika begi la Nadine. Hakunitazama mimi. Aliutazama mlango wa bafuni, akanong'ona.

"Kuna kilichobaki?"

Mimi niliyesimama hatua mbili nilimsikia kwa shida. Sijui Nadine alimsikiaje.

"Hakuna!" akapaza sauti. "Chukua vyote!"

Akaondoka nalo. Begi lile lina gurudumu bovu linalopiga kelele mpaka majirani wanachungulia.

Halikulia.

Nadine akatoka bafuni na joho la kuogea la meli na ndara za meli. Akasimama katikati ya chumba, akashika shavu.

"Dada... nguo za kesho."

"Zimefanyaje?"

"Ziko begini."

Nikaangua kicheko. Kila safari lazima apatikane mtu wa namna hii, anafunga kila kitu, asubuhi anashuka na nguo za kulalia huku watu wanampigia makofi. Lakini huyu wangu alizidi.

"Viatu?"

"Begini."

"Miwani?"

"Begini. Na pete ya marehemu mume wangu."

Nikagundua kwa nini maneno yake yalikuwa yanatoka na upepo. "Nadine! Hata meno?"

"Yamo kwenye kikopo," akasema kwa aibu. "Na kikopo kimo begini."

Tulicheka hadi tukashika mbavu, na ule ununaji ukaisha. Mwilini mwake hamkuwa na kitu chake hata kimoja. Hatukujua maana yake.

Nikaenda kula ili nimletee sahani. Mezani kwetu kwa siku zote sahani zilikuwa mbili. Jioni ile ilikuwepo moja.

"Mdogo wangu anakula chumbani," nikamwambia mhudumu wa meza. "Mfungie kamba wa kukaanga na pai ya ndimu."

"Mdogo wako yupi, Bi Verna? Mbona wiki nzima umekula peke yako?"

Nilimpa maneno yake. Kisha nikaenda kaunta ya mapokezi, dada wa pale akabofyabofya kompyuta, akasema chumba changu kina abiria mmoja. Ukutani palikuwa na picha za abiria za usiku wa kwanza. Nikaitafuta yetu. Nilikuwa nimesimama peke yangu na koti la buluu, nacheka, mkono wangu umekumbatia hewa.

Nilikimbia, goti bovu na yote. Nikafungua mlango.

Kitandani palikuwa na kibibi kisicho na meno, kinalia. Nikajiuliza ni nani, na kimefuata nini chumbani kwangu.

Sekunde mbili. Labda tatu.

"Verna," kikasema.

Jina lake likanirudia. Hapo ndipo niliogopa. Nimeendesha basi la shule miaka thelathini, nimevuka kimbunga na watoto sitini nyuma yangu, na sijawahi kuogopa vile.

Ujiani alikuwa anapita Rodel, mhudumu wa chumba chetu, Mfilipino wa miaka hamsini na ushee, mashuka mikononi. Nikamkamata. "Rodel. Lebo nyeupe ni ya nini?"

Mashuka yakamdondoka.

"Mama... aliulizwa kama kuna kilichobaki?"

"Alisema achukue vyote."

Akatazama huku na huku, akasogeza mdomo sikioni kwangu. "Niliona mara moja, meli nyingine, zamani. Bwana mmoja. Asubuhi kitanda chake kikavu, jina halipo. Wakaniuliza nilikuwa namtandikia nani. Atarudi, Mama. Anarudi kuchukua mwenye begi. Mpe mdogo wako kitu chako. Ila si kuazima. Cha kuazima hakimzuii."

"Ni nani yule?"

"Hatumtaji." Akaokota mashuka, akaondoka bila kugeuka.

Nikafunga mlango. Nguo zangu za kesho ndizo nilizokuwa nimevaa, kama mtu mwenye akili. Nikamvua Nadine joho, nikamvisha blauzi yangu, suruali yangu, viatu vyangu, nami nikabaki na gauni la kulalia na koti juu yake. Nilikuwa namfunga kamba za viatu niliposikia.

Kru... kru... kru.

Zulia likaanza kuloa kutoka chini ya mlango. Harufu ikajaa.

Nadine akanishika bega. "Usifungue, dada."

Nikafungua. Kama anakuja, aje nikimwona usoni.

"Hapa hakuna chako," nikamwambia.

Aliinama akanipita kwa macho, akamtazama Nadine, kuanzia viatu hadi blauzi. Akanong'ona neno moja.

"Kaazima."

Na alikuwa na haki! Moyoni nilikuwa nimeshapanga kesho jioni anirudishie vyote, vimefuliwa. Nikageuka, nikaona maua ya shuka kupitia mkono wa mdogo wangu. Na jina lake... lilikuwa linanitoka tena, herufi moja moja.

Nikavua koti la buluu. Sitakudanganya, hata pale liliniuma. Nikamvalisha, nikamfunga kifungo cha juu.

"Nimekupa," nikasema kwa sauti. "Si azima. Ni lako. Na hiyo blauzi, na suruali, na kila ulichoniibia tangu una miaka sita, mwizi wewe, nimekupa vyote!"



Maji yakaanza kurudi nyuma kwenye zulia, taratibu.

"Na begi letu ulilete!" nikamfokea.

 Alifunga mlango polepole, kwa adabu, kama mhudumu anayewatakia wageni usingizi mwema.

Asubuhi nilishuka na gauni la kulalia lenye picha za bata, kidevu juu. Walinipigia makofi, nami nikawapungia. Pasipoti ya Nadine nilikuwa nimeitunza mimi. Afisa aliigeuzageuza, akasema wino umefifia, akatupitisha. Begi la Nadine halikuonekana ukumbini. Walituambia halijawahi kuandikishwa.

Sasa ni miezi minne. Nadine anaishi kwangu, ana meno mapya, anakula biskuti zangu. Koti halivui. Siku moja alilivua nilifue, nikainuka kwenye beseni nikamwuliza yule mgeni jikoni kwangu kama nimsaidie nini. Tangu hapo nalifua yeye akiwa ameshika mkono wa koti.

Watu wangesema tukae nyumbani. Mimi siendeshwi na mwizi wa mabegi. Mle begini mna pete ya mdogo wangu, na sijui mna nini kingine chake, na ninakwenda kukidai. Meli ileile, chumba kilekile. Jana nilipiga simu, tayari nimeshaanza kupanga nguo kitandani.

"Abiria mmoja?" akauliza dada wa kwenye simu.

"Wawili."

"Jina la wa pili?"

Nikafungua mdomo.

Nikamtazama yule mwanamke mwenye koti la buluu. Naye akanitazama, akasubiri, mkono umeshika kifungo cha juu.

"Nadine," nikasema mwishowe. "Andika sasa hivi, kabla sijakata simu. Kisha unisomee."